Daraja la Upepo

Mtu anayeishi Mwanza akiamua kutoliangalia ziwa, amejitwisha kazi kubwa. Ukipanda mlimani unaliona, ukiteremka unalikuta linakungoja, na hata ukijifungia chumbani upepo wake unapenya dirishani na harufu ya dagaa. Jovinary Kaijage, sajini wa zimamoto, aliifanya kazi hiyo kwa mwaka mzima na ushei. Alihama Kirumba, alikokuwa amepanga karibu na maji, akaenda kukaa Kiseke, nyuma ya vilima. Asubuhi alishika njia za ndani ndani. Kituoni alikaa kwenye benchi lililotazama ukuta. Samaki aliacha kabisa kula, na mama wa mgahawani alishajua kwamba Kaijage ni maharage.

Sababu wenzake waliijua, ila hawakuitaja mbele yake. Mke wake, Odeta, alikuwa ndani ya ile meli iliyozama mwaka wa tisini na sita, akirudi kutoka Bukoba kuwasalimia wazazi wake. Habari zilipofika mjini, Jovinary na wenzake walikimbilia ufukoni na walichokuwa nacho: kofia ngumu, mabuti, mipira ya maji, na gari lenye tangi lililojaa. Alisimama pale, nyuma yake maji ndani ya tangi na mbele yake maji hadi macho yanapokomea, na hana boti, hana boya, hana kamba ya kufika popote. Wengine walipata miili ya watu wao wakaizika. Yeye hakupata.

Mwaka uliofuata likaja gari kutoka Uingereza.

Lilikuwa zawadi ya watu wa mji mmoja mdogo wa pwani huko kwao, ambao kituo chao cha zimamoto kilikuwa kimepata magari mapya. Lilikuwa limezeeka lakini limetunzwa, jekundu, ubavuni bado lina ngao ya mji wake wa zamani. Mbavu zake zilifunikwa kwa mabati ya kukunja juu, kama milango ya maduka ya mjini, na nyuma ya mabati hayo kila kitu kilikuwa na mahali pake: mkasi mkubwa wa kukatia vyuma vya magari yaliyogongana, miti mirefu yenye kulabu, mifuko yenye kamba za kumrushia mtu anayezama, majaketi ya kuelea. Na chini kabisa, vitu viwili vilivyoviringishwa kama mikeka, vya mpira mzito wa rangi ya chungwa.

Gari liliandamana na mzee mmoja wa zimamoto aliyekwisha kustaafu, jina lake Bwana Peter. Siku aliyopanga kuonyesha ile mikeka, nusu ya kikosi walikuwa wameitwa kwenye moto wa ghala, kwa hiyo waliomfuata hadi kwenye majani karibu na uwanja wa mpira walikuwa wachache. Bwana Peter aliunganisha mkeka mmoja na mtungi wa hewa, akafungua koki. Mkeka ukakoroma, ukajikunjua wenyewe, ukavimba, ukawa njia ndefu nene ambayo watu wawili wangeweza kutembea wakipishana.

"Sasa hiki ni nini?" akauliza Kamanda Chenge, mkuu wa kituo, Msukuma mnene mwenye kicheko cha karibu karibu. "Kitanda cha jitu?"

Dorcas ndiye aliyetafsiri. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kituoni pale, mzaliwa wa Ukerewe, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. "Anasema kwao bahari ina tabia ya kurudi nyuma, afande. Ikirudi inaacha tope. Mtu akikanyaga anazama hadi kiunoni, hawezi kutoka. Boti haiwezi kupita kwa sababu si maji, na mguu haupiti kwa sababu si nchi kavu. Ndipo wanapotandika hii."

"Mwambie sisi bahari yetu haiendi popote," Chenge akasema, na watu wakacheka, na Bwana Peter akacheka nao. Hata hivyo aliwafundisha. Jovinary na Dorcas ndio waliojitolea kupanda: simama kwenye mkeka wa mbele, vuta wa nyuma, upitishe, uulaze mbele yako, hamia. Simama, vuta, pitisha, hamia. Jovinary aliipenda kazi ile kwa sababu ilikuwa kwenye majani makavu.

Bwana Peter alipoondoka, mikeka ilirudi chini ya gari. Mara moja moja vijana wa zamu waliijaza upepo wakailalia mchana.

Halafu zikaja mvua za El Niño. Mito ilifurika, ikasukuma ziwani kila kitu kilichokuwa kwenye mabwawa yake, na gugumaji, ambalo lilikuwa limeshasumbua watu kwa miaka, likajikusanya likawa visiwa vinavyotembea. Ungeamka ukakuta pwani ya Kirumba imekuwa shamba la kijani lenye maua ya zambarau, mitumbwi imenasa kama nzi kwenye ulimbo, na kufika mchana upepo umelihamisha shamba lote ng'ambo ya pili. Wavuvi walililaani kwa lugha zote za ziwa.

Asubuhi moja ya Desemba simu ililia kituoni. Boti ya abiria iliyotoka visiwani ilikuwa imezungukwa na magugu ikiwa imekaribia kabisa soko la samaki la Mwaloni. Inaingiza maji. Ndani yake mna mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa.

Chenge alishika usukani mwenyewe. King'ora cha lile gari kilikuwa na sauti ngeni mjini, cha kupanda na kushuka, na watu walijibanza kwenye mitaro kulipisha. Jovinary alikaa nyuma, macho kwenye mabuti yake, hadi gari liliposimama na bati likapandishwa kwa kishindo. Ndipo ilimbidi ainue uso.

Ziwa halikuwapo. Kulikuwa na kijani kitupu, kikipumua polepole juu na chini. Mbali kidogo, kama urefu wa uwanja wa mpira, boti ilikuwa imekaa kiupande, na watu ndani yake wakichota maji kwa ndoo na kwa mikono. Mitumbwi iliyojaribu kuwafuata ilikuwa imekwama hatua chache kutoka ufukoni.

"Kuna mtu aliyeingia majini?" Chenge akawauliza wachukuzi wa samaki waliojaa pale.

"Mhoja, mwenye mashine," mmoja akajibu. "Majani yalizonga pangaboi la mashine. Akashuka na panga ayakate." Akaelekeza kidole kwenye boti. "Hatujamwona tena."

Mwanamke aliyekuwa akiuza chai pale sokoni alisimama nyuma yao, kikombe kitupu mkononi. Jovinary alimwona, akageuka upesi, kwa maana alikuwa anaijua sura ile. Aliwahi kuivaa.

"Kamba ya kurusha haifiki," Chenge alikuwa anasema. "Kuogelea humu ni kujitia kitanzi. Boti haipiti..."

"Si maji," Jovinary akasema.

"Unasemaje?"

"Si maji wala si nchi kavu, afande. Ni kama lile tope lao." Alishangaa kusikia sauti yake haitetemeki. "Tuiteremshe mikeka."

Chenge alimtazama, kisha akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Kaijage, ndugu yangu. Wewe baki na kamba hapa ufukoni. Atakwenda Dorcas na mwingine. Hakuna mtu atakayekulaumu."

Jovinary alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini siku ile ya Bwana Peter waliopanda mikeka walikuwa wawili tu, na kule botini sauti ya mwanamke ilipanda, ikavunjika, ikapanda tena.

"Funga hiyo kamba kiunoni mwangu," akasema.

Mikeka ilivimba, ikalazwa juu ya magugu, na magugu yakakubali. Yalizama kidogo chini ya uzito, maji meusi yakajitokeza pembeni, lakini njia ilishika. Simama, vuta, pitisha, hamia. Dorcas alikuwa mbele, mwepesi kama paa; Jovinary nyuma, kamba ikimfuata kutoka ufukoni. Harufu ya uozo ilipanda kutoka kwenye mizizi. Nyoka mwembamba alipita mbele yao akapotea majanini, na Dorcas akasema, "Pita na wewe, baba, kila mtu na shughuli yake," na Jovinary, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alicheka kidogo bila kukusudia.

Walipoigusa boti, watu wote waliinuka kwa pamoja, na boti ikalala zaidi.

"Kaeni chini!" Dorcas akapaza sauti.

Mwanamume mmoja mwenye shati la mauamaua, mfanyabiashara wa dagaa aliyeitwa Ngosha, alikuwa tayari ameweka mguu mmoja nje. "Nitoeni mimi kwanza," alisema, meno yakigongana. "Mimi ni mzito. Nikitoka boti itapungua uzito, ni kwa faida ya wote."

"Rudisha mguu, mwanangu," ajuza mmoja akamwambia. Alikuwa amekaa ndani ya maji yaliyokwisha kuingia botini, kichwa cha yule mwenye uchungu mapajani pake. "Mama yako aliyekuzaa alilala hivi hivi kama huyu."

Ngosha akaurudisha mguu.

"Shikamoo, bibi," Jovinary akasema, kwa maana hata pale hakuona namna ya kuanza bila hilo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni Tereza. Huyu ni Paskazia, mke wa mwanangu. Mtoto amekaa vibaya tangu alfajiri na sasa ameamua kutoka bila kutuuliza. Tuondoeni."

Walimlaza Paskazia juu ya mkeka. Bibi Tereza akafuata kwa magoti. Ilihitajika mtu mwenye nguvu wa kumshikilia mgonjwa wakati mikeka inahamishwa, na Dorcas akamnyooshea kidole Ngosha. "Wewe mzito. Njoo." Wengine waliobaki waliambiwa wachote maji na wasisimame.

Safari ya kurudi ilikuwa ya taratibu. Jovinary alitangulia kwenye mkeka wa mbele, kamba ya ufukoni kiunoni; nyuma yake wanawake, Ngosha na Dorcas. Walikuwa wamefika karibu nusu ya njia upepo ulipogeuka. Kwanza maua yote ya zambarau yaliinama upande mmoja. Kisha ukasikika mpasuko mzito, kama turubai linalochanwa, na kati ya mkeka na mkeka magugu yakaachana. Ufa ukawa mfereji, na mfereji ukapanuka. Kile kipande cha kijani kilichobeba mkeka wa nyuma kikaanza kuondoka, taratibu tu, kuelekea maji makuu.

"Afande!" Dorcas akaita. Alirusha mfuko wa kamba aliokuwa amebeba kutoka garini, lakini upepo ukaupeperusha ukaangukia majanini.

Paskazia hakuwa analia tena. Alikuwa anamtazama Jovinary kwa macho makubwa, kama mtu anayesubiri jibu.

Jovinary aliyatazama yale maji meusi. Alipokuwa mtoto kule Kagera alikuwa akijitupa ziwani kama bata, na Odeta ndiye aliyekuwa akimcheka kwamba anaogelea kama mbwa. Mwaka mzima alikuwa amejiuliza jambo moja: Odeta alikuwa akiwaza nini, mwishoni? Alimwita nani? Sasa hapakuwa na nafasi ya kujiuliza. Alivuta pumzi, akaruka.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Hilo ndilo lililomshangaza. Miezi yote hiyo aliyawaza kuwa baridi. Mizizi ilimzonga miguu, laini na mirefu kama nywele. Alipiga mkono, akapiga mwingine, mizizi ikamvuta chini, giza likamfunika. Pale chini hakumsikia Odeta, wala hakuona chochote. Palikuwa kimya tu. Naye akatambua, bila maneno, kwamba hapa hakuna mtu anayeshikiliwa, hakuna anayeita. Ni maji. Akapiga teke, buti moja likamtoka mguuni, akaibuka, na mkono mnene ukamkamata kwenye ukosi wa shati.

Alikuwa Ngosha. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa mkeka, yeye asiyejua kuogelea, nusu ya mwili wake ikiwa nje, macho ameyafumba kwa woga, anavuta.

"Nimekupata," alikuwa akisema tena na tena. "Nimekupata, nimekupata."

Jovinary alijivua kamba, Dorcas akaifunga kwenye pete za mkeka, wakapunga mikono. Ufukoni Chenge akapiga ukelele, na wachukuzi wa samaki, wavuvi, wauza dagaa, wote wakaishika ile kamba. Wakaanza kuivuta kama wanavyovuta wavu wa kokoro, mmoja akitoa wimbo na wengine wakiitikia kwa miguu. Mkeka ukauvuka mfereji, ukapanda juu ya magugu upande wa pili, ukateleza. Haukuhitaji tena kupitishwa hatua kwa hatua. Uliburutwa moja kwa moja mpaka mchangani na watu wake juu, na Bibi Tereza ameshika msalaba wa rozari yake kwa meno.

Paskazia alipakiwa ndani ya gari, kwenye kiti kirefu cha nyuma wanapokaa wazima moto. Lile gari lilikuwa limebeba watu wengi huko lilikotoka, lakini sidhani kama liliwahi kubeba safari kama ile. Chenge aliwasha king'ora, wakaondoka kuelekea hospitali, na kabla hawajafika nusu ya njia alisikia nyuma yake sauti mpya, kali, yenye hasira, ikishindana na king'ora. Alikizima king'ora. "Ilikuwa adabu tu," alisema baadaye. Mtoto alikuwa wa kike.

Jovinary na Dorcas hawakuyaona hayo. Walikuwa wamerudi majini. Safari hii walikwenda na kamba ndefu zaidi, na kila walipopakia watu mkekani, ufukoni wimbo ulianza. Ngosha alisimama mbele kabisa ya wavutaji, shati lake la maua limechanika, akivuta kuliko wote. Mtu wa mwisho alipotolewa, boti ilikuwa imebakiza ukingo tu juu ya maji.

Mchana ule watu walimbeba Dorcas mabegani. Walimtafuta na Jovinary wambebe, wakamkuta amechuchumaa mbele ya jiko la chai, mguu mmoja una buti na mwingine hauna.

Yule mwanamke muuza chai aliitwa Precious, mke wa Mhoja. Alikuwa ameendelea kuchochea moto, ijapokuwa hapakuwa na birika juu yake.

"Afande," alisema, "mume wangu je?"

Kuna maneno ambayo watu huyasema wakati kama huo. Jovinary mwenyewe aliwahi kuambiwa yote: Mungu ni mwema, tusubiri, huenda ameokotwa mahali. Aliyajua yalivyo matamu, na yanavyogeuka uchungu baadaye.

"Sitakudanganya, shemeji," akamjibu. "Amekaa chini muda mrefu mno. Lakini sitaondoka hapa mpaka nimrudishe kwako."

Precious alimtazama kama anayepima uzito wa kitu. Kisha akaondoa kuni jikoni, moja baada ya nyingine, akazizima mchangani, akajifunika khanga usoni, akaanza kulia.

Walitafuta jioni ile na hawakupata. Walitafuta siku iliyofuata, Jovinary na Dorcas wamelala kifudifudi juu ya mikeka kando ya boti iliyozama, wakipekua magugu kwa miti ya kulabu, polepole, kwa heshima, kama wapekuavyo nguo za mgonjwa. Chenge aliwaletea chakula mwenyewe, akawaambia kikosi hakina amri ya kumaliza siku nzima kwa marehemu. Akaondoka, akarudi na mtungi mwingine wa hewa. Siku ya pili yake, jua likiwa limesimama, kulabu ya Jovinary ilishika kitambaa. Mhoja alikuwa chini ya mashine yake, panga bado limefungwa kwa kamba mkononi. Dorcas aligeukia pembeni akalia. Jovinary aliteremka majini, akakata mizizi, akampandisha.

Walimzika Usagara, kwenye shamba la baba yake, pembeni ya pamba. Ngosha alileta lori la kubebea watu. Kikosi kizima kilihudhuria, na Jovinary alishika koleo tangu udongo wa kwanza hadi wa mwisho. Watu walipoanza kutawanyika, Precious alimfuata. Walisimama pamoja wakiutazama udongo mbichi.

"Watu wananiambia una moyo wa kuokoa," alisema Precious. "Wangu hukumwokoa. Ila umenipa mahali pa kuja kulia."

Jovinary aliinamisha kichwa, na machozi ambayo hayakuwahi kupata kaburi la kuangukia yakaanguka pale, kwenye kaburi la mtu asiyemjua. Precious aliyaona, akamshika mkono, akamwacha alie.

Baada ya Krismasi aliomba likizo. Chenge alimuuliza anakwenda wapi.

"Kwa wakwe zangu. Sijawaona tangu msiba."

Alikuwa amewakimbia, hakuwa na mwili wa kuwapelekea wala maneno ya kuwaambia. Dorcas alimsindikiza bandarini. Meli ilipong'oa nanga abiria wengi waliingia ndani kutafuta pa kulala, lakini Jovinary alibaki nje, mikono kwenye vyuma vya ukingo, akayatazama maji hadi taa za Mwanza zilipofifia.

Kulipokucha aliteremka Bukoba, akapanda kwa miguu kupitia migombani. Mama yake Odeta alikuwa anafagia uwanja. Alipomwona aliusimamisha ufagio, akabaki ameuegemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tulidhani tumewazika wawili."

Jovinary alipiga magoti pale uwanjani. Mama akauweka ufagio chini, akamwinua, akampeleka ndani, akamwita mumewe aje. Wakakaa watatu, wakaanza, tangu mwanzo, kuzungumza habari za Odeta.